Gari la Mkunga

Majirani wote walikuwa na neno kuhusu gari la Mkunga, na yeye alikuwa na jibu moja kwa wote: watoto hawangoji. Basi. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, miwani ya kusomea inaning'inia kifuani, viatu vyeupe vya hospitali miguuni, anatoka uani kwake ndani ya gari jeusi lililolala chini chini, silinda sita, ekzosi mbili, mngurumo wa kutikisa madirisha ya watu. Wengine walisema ni la mtoto wake wa kiume, ameazima. Wengine walisema uzee umemwingia vibaya. Mkunga aliwasikia, akawapungia mkono, akakanyaga mafuta, na vumbi likamalizia mazungumzo.

Tusidanganyane, alilinunua kwa tamaa tu. Hiyo habari ya watoto ilikuja baadaye, pale watu walipoanza kuuliza. Alilikuta limeegeshwa nje ya ofisi moja, tangazo la kuuzwa limebandikwa kiooni, akaomba kulikalia kidogo. Lilikuwa otomatiki. Unakanyaga breki, unavuta gia hadi kwenye D, unaachia breki, na gari linakupeleka kabla hujamaliza kujiuliza unakwenda wapi. Mwanamke aliyemaliza ujana wake akiwaambia wenzake subiri, pumua, usisukume bado, alikuwa amepata kitu kisichotaka kusubiri. Alirudi nyumbani, na usiku hakupata usingizi mpaka lilipokuwa lake.

Na kulitunza alilitunza, hilo hata adui yake angekubali. Upepo wa tairi aliupima mwenyewe. Asubuhi hakuliondoa kwa pupa. Aliliwasha, akaliacha lipate joto huku akimalizia chai. Kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto tumboni, alichokitumia kabla ya mashine kuja, hakukitupa. Alikiegemeza kwenye injini, akaweka sikio upande wa pili, akafumba macho. Fundi wake wa gereji alimcheka siku ya kwanza. Siku ya pili Mkunga alimwonyesha ni kigurudumu gani kinacholalamika chini ya mkanda wa injini, na fundi akaiomba ile pembe naye asikilize.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuligusa gari lile, naye alikuwa akilala kitanda kimoja na mwenye gari. Mume wake alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu, mabasi ya gia, yenye klachi nzito ya kumtoa mtu jasho, na abiria walimwita Kapteni kwa sababu alipokuwa kwenye usukani hakuna aliyefunga mkanda wa suruali bila ruhusa yake. Kwa Kapteni, gari lisilo na klachi halikuwa gari. Alilizunguka la mke wake akilitazama kwa huruma.

"Mama watoto," alisema siku ile ya kwanza, mikono nyuma, "hiki umenunua kiti cha magurudumu."

Neno lile Mkunga hakuwahi kumkumbusha, ingawa baadaye lilimjia ulimini mara nyingi na akalimeza.

Maana mgongo ulimwangusha Kapteni. Miaka ya kukaa na kutikiswa ilimla pingili moja ya uti wa mgongo, ikachomoka mahali pake ikabana mshipa wa fahamu, na siku moja alishindwa kushuka kwenye basi lake mwenyewe. Abiria walimbeba. Akapasuliwa, akashonwa, maumivu yakaisha, na mguu wa kushoto nao ukaisha. Kuanzia nyonga mpaka kidoleni ulikuwa ganzi tupu. Aliuburuta kwa gongo kama mzigo aliopewa amshikie mtu. Daktari wa mifupa alisema tusubiri, wakati mwingine mshipa huamka. Walisubiri. Mkunga aliukanda mguu ule asubuhi na jioni, akauzungumzisha, akautukana. Mwisho hata daktari aliacha kuutaja, akawa anauliza habari za presha tu. Ofisi ya leseni ikachukua leseni ya mabasi, kampuni ikampa saa ya ukutani, na Kapteni akapewa kiti cha dirishani.

Mwanzoni alikuwa anachekesha pale dirishani. Kila gari lililopita alilisahihisha. "Huyo yuko na gia ya nne kwenye mlima, anaua injini. Huyo breki zimekwisha, msikie. Huyo nani kampa usukani?" Mkunga alikuwa jikoni akicheka peke yake. Kisha Kapteni akaanza kupunguza maneno. Magari yakawa yanapita tu. Siku moja Mkunga alirudi kazini akamkuta ameketi vilevile alivyomwacha, chai imeota utando, na nje lori limekwama katikati ya barabara, watu wanapiga kelele, dereva wake anaharibu kila kitu, na Kapteni hana la kusema.

Hapo Mkunga aliogopa. Alikuwa ameona watu wakifa, lakini hofu hii ilikuwa ngeni. Alimpenda mtu yule kwa kelele zake, na kelele zilikuwa zinamwishia mbele ya macho yake.

Siku iliyofuata alikwenda ofisi ya leseni kabla ya zamu. Wakamwambia inawezekana: mtu asiye na mguu wa kushoto anaweza kupewa leseni ya gari dogo, mradi liwe otomatiki na mradi apite mtihani wa barabarani. Akichomwa na mtihani, yaani akifeli, faili linafungwa mpaka daktari aandike upya. Mkunga alirudi na habari hiyo akaimwaga mezani.

"Silitaki," alisema Kapteni.

"Sijakwambia ulitake. Nimekwambia uliendeshe."

"Niendeshe bembea? Watu waseme Kapteni sasa anabembea?"

"Watu sasa hivi hawasemi chochote, baba watoto. Wamekusahau. Hilo ndilo unalolipenda?"

Lilikuwa neno baya, na alilijua baya lilipokuwa bado mdomoni. Kapteni aligeuza uso dirishani. Mkunga naye hakuomba radhi, alienda kuosha vyombo kwa makelele. Lakini kesho yake alitoka akiwa amechelewa makusudi, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Gari halijapata joto na mimi bado kuvaa viatu. Nenda ukae uliwashe tu. Usiguse kitu kingine."

Ule ulikuwa mtego wa wazi kabisa, hata kipofu angeuona. Kapteni aliuona. Akachukua gongo, akaenda, akauingia.

Alichukua muda mrefu kuketi, maana gari liko chini na mguu ule haukunjiki kwa amri. Aliushika kwenye suruali kwa mkono akauingiza kama mtu anayeingiza mkoba. Mkunga alikuwa nyuma ya pazia, viatu amevaa zamani, anauma kidole. Injini ikaitika. Kapteni akaketi pale, mikono miwili juu ya usukani, na mtetemo ukampanda kutoka kwenye kiti. Hakutoka mpaka mke wake alipokwenda kumgongea kioo.

"Limetulia," alisema, bila kumtazama. "Injini yake, namaanisha. Injini si mbaya."

Wakaanza masomo. Kulikuwa na kiwanja kikubwa nyuma ya kiwanda cha matofali, siku za mapumziko kinakuwa kitupu, na hapo Mkunga akawa mwalimu wa mtu aliyevuka nusu ya ardhi akiwa na roho za watu nyuma yake. Kazi haikuwa rahisi. Kapteni alizoea kulikanyaga basi kwa nguvu zote ili lifikirie kuondoka. Alilikanyaga hivyo gari la Mkunga, na gari likaruka, tairi zikapiga yowe, wakajikuta mbele ya rundo la matofali wote wawili wamenyoosha mikono.

"Hili halisukumwi," alisema Mkunga alipopata sauti. "Hili linaombwa. Kidole gumba cha mguu tu."

"Kidole gumba. Na nguvu zote hizo za nini, kama zinatumiwa kwa kidole gumba?"

"Za kuwa nazo."

Mkono wake wa kushoto haukujua ukae wapi. Ulitaka gia. Gari likibadilisha gia lenyewe, kwa ulaini ule, Kapteni alikunja uso kama mtu aliyekatizwa maneno. Aliwahi kuvuta kutoka kwenye R kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma, na Mkunga alimpiga kofi la mkono, kofi kweli, lile analowapa wanafunzi wa ukunga wanaoshika vifaa kabla ya kunawa.

"Simamisha kwanza. Lisimame kabisa, ndipo uhamishe. Utanivunjia giaboksi."

"Umenipiga."

"Nitarudia."

Na kwenye mteremko alitaka kulitia N, likimbie lenyewe bila gia, kubana mafuta, kama walivyofanya madereva wa zamani wote na wengine wakaishia mtoni. Walibishana jambo hilo njia nzima mpaka nyumbani, mezani, na kitandani. Mkunga alizima taa akiwa bado anahutubia. Kwenye giza alisikia mume wake akicheka kwa pua, na hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu mwaka wa jana.

Sasa mtu akipata afueni ya moyo huanza kutaka kurudisha fadhila, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kapteni aliamua kulifanyia gari huduma. Mke wake alikuwa amelala baada ya zamu, na yeye akajiona hawezi kukaa bure na ufundi wake. Akafungua boneti. Akakagua maji, akakagua oili ya injini, yote safi. Akakiona kijiti cha pili, cha kupimia oili ya giaboksi. Akakivuta gari likiwa limezimwa, limepoa, kama anavyopima kila dereva wa basi oili ya injini yake tangu dunia iumbwe. Akafuta, akatumbukiza, akavuta. Oili ilikuwa imepita alama kwa mbali.

"Fundi gani huyu," alisema kwa hasira ya mtu anayempenda mwenye mali. Akatafuta mpira mwembamba na bomba kubwa la sindano kwenye vitu vya mke wake, akanyonya oili kidogo kidogo mpaka ikashuka kwenye alama. Akafunga boneti, akaipangusa. Alijisikia vizuri siku ile kuliko siku nyingi.

Mkunga akaitwa mchana. Mama mmoja mlimani, uzazi wa pili, mambo yanakwenda mbio. Aliruka ndani ya gari, na tambarare gari lilikwenda. Alipofika kwenye mlima alikanyaga mafuta, injini ikapiga kelele mpaka mshale wa dashibodi ukafika mwisho, na gari likatambaa. Injini inalia, tairi hazina habari. Wenye baiskeli walimpita. Mmoja alimuuliza kama anahitaji kusukumwa. Mkunga aliegesha pembeni, akachukua mkoba wake, akasimamisha pikipiki ya kwanza iliyopita, akapanda na gauni lake la kazi bila kuuliza bei. Mtoto hakumngoja, kama unavyoweza kusema. Alifika kichwa tayari kinaonekana.

Mama na mtoto walikuwa salama. Kapteni ndiye hakuwa salama. Gari lililetwa nyumbani likivutwa na fundi, na Mkunga aliingia uani akiwa na uso ambao wanafunzi wake waliujua na kuukimbia.

"Nani amegusa giaboksi yangu?"

Kapteni angeweza kujitia hamnazo. Hakufanya hivyo. Aliingia ndani kwa gongo lake, akatoka na chupa ya maji iliyojaa oili nyekundu, akamkabidhi.

"Ilizidi," alisema. "Niliipima."

"Uliipima gari limezimwa."

"Sasa oili inapimwa vipi?"

Mkunga alifungua mdomo kumpa zote, za tangu siku ya harusi. Kisha akamwona jinsi alivyosimama, ameegemea gongo, chini ya mkono shati limechakaa kwa msuguano, anangoja hukumu. Na akaelewa kwamba akisema neno moja zaidi ya linalohitajika, mtu huyu atarudi dirishani na hatatoka tena. Hasira ilikuwepo, imejaa kifua. Akaiweka kando, kwa shida.

"Njoo," alisema. "Kaa hapa. Leo utajua kitu."

Akamwekea kiti mbele ya boneti iliyo wazi. Kwanza akairudisha ile oili kupitia kitambaa safi, polepole, na Kapteni akashika faneli. Akaliwasha gari. Akakanyaga breki akalipitisha gia kwenye kila herufi, akingoja kidogo kwenye kila moja, kisha akairudisha P, ile ya kuegeshea, akaacha injini ikinguruma.

"Oili ya giaboksi haikai mahali pamoja," alisema. "Ukizima, yote inateremka chini inajaa. Ukipima hapo inakudanganya. Inapimwa injini ikiwa inazunguka, ina joto, oili iko kazini. Ni sawa na mtu. Humpimi akiwa amelala ukasema ndivyo alivyo."

Hilo la mwisho hakulipanga, lilimtoka tu. Mkunga akatoa ile pembe ya mbao, akaitegesha kwenye ubavu wa giaboksi, akamwinamisha mume wake kwa kumshika shingo.

Kapteni alisikiliza. Mwanzoni uso wake ulikuwa wa mtu anayetii tu. Baadaye ukabadilika. Mkunga aliingia ndani ya gari akapitisha gia tena, R, N, D, mguu kwenye breki, na kila alipohamisha alimwona kupitia upenyo wa boneti akitikisa kichwa, kidole juu, anahesabu kitu kisichoonekana.

"Kuna mtu humo ndani," alisema Kapteni alipoinuka hatimaye, sikio lina duara jekundu la mbao. "Kabla hajashika gia nyingine anaiachia ile ya kwanza. Pole pole. Ana klachi zake humo, mama watoto. Nyingi. Anazikanyaga mwenyewe."

"Ndiyo, zipo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliwahi kuuliza?"

Kuanzia siku hiyo Kapteni hakuliita bembea tena. Alilisikiliza. Alijifunza kulikanyaga kidogo na kungoja, akajua ni wapi litabadilisha kabla halijabadilisha, na akijua hivyo aliinua mguu unywele mmoja tu, na gia ikapita bila hata kikombe cha chai kujua. Mkunga mwenyewe, mwenye gari, hakuwa ameliendesha hivyo hata siku moja. Kwenye barabara kuu iliyonyooka alimruhusu akanyage mpaka chini. Gari lilishusha gia, likavuta pumzi, likawasukuma wote vitini, na Kapteni akapaza sauti kuitangazia barabara kwamba basi limechelewa, linafidia muda. Mkunga alicheka mpaka miwani ikamtoka. Alimtazama kwa pembeni, shavu lake, kovu dogo la kunyolea, akajisikia kama msichana, na hakujali.

Sasa Mkunga aliitaka leseni ile kuliko hata Kapteni mwenyewe. Aliitaka kwa wivu. Usiku wa kuamkia mtihani ndiye aliyejigeuza kitandani, Kapteni alikoroma.

Mtahini alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa, kalamu nyuma ya sikio. Alisoma karatasi ya daktari, akamtazama Kapteni, akalitazama gari, akamtazama tena Kapteni. Mwenye gari aliruhusiwa kuketi nyuma kwa sharti moja, asifungue mdomo. Kwa Mkunga sharti hilo lilikuwa gumu kuliko mtihani wenyewe.

Lakini hakukuwa na haja ya kusema. Kapteni alirudi nyuma kati ya mapipa bila kugusa hata moja. Mlimani alisimama akaondoka, gari halikurudi hata unene wa kucha. Kwenye mteremko aliliacha kwenye D, akalishika kwa breki, kidogo, akaachia, kidogo, na kupitia kioo cha katikati akamtupia mke wake jicho la kusema unaona. Mtahini alikuwa ameacha kushika mpini wa mlango. Aliegemea kiti. Alipoulizia, kwa sauti ya mazungumzo, gari hili linakula mafuta kiasi gani, Mkunga alijua wamepata.

Ilibaki kurudi ofisini, na barabara ya kurudi inapita mbele ya kituo cha mabasi. Basi moja lilikuwa limesimama pembeni, kubwa, la aina ileile aliyoizoea Kapteni maisha yake yote. Likaingia barabarani ghafla, bila taa, bila honi.

Gari la Mkunga lilisimama papo hapo. Breki zake ni za gari la mbio, hazina mzaha. Mkunga aligonga paji la uso kwenye kiti cha mbele, kalamu ya mtahini ikaruka ikapiga kioo, na nyuma yao lori likalia honi ndefu, likakwepa kwa tabu likapita. Mkono wa kushoto wa Kapteni ulikuwa umeing'ang'ania gia, unaivuta, unatafuta namba mbili ambayo gari lile halina.

Basi lilishakwenda zake. Kapteni aliliondoa gari taratibu, akaliingiza kwenye uwanja wa ofisi, akaliweka P, akazima. Mkunga aliona shingo yake ikiinama kutoka nyuma, ile shingo anayoijua kuliko mkono wake, na akajua kwamba kiti cha dirishani kinamngoja. Machozi yalimjaa. Alikuwa tayari kumsihi mtahini, kumpigia magoti, kumkumbusha kwamba pengine yeye ndiye aliyemzalisha mke wake.

Mtahini aliokota kalamu yake. Alikuwa amekasirika.

"Bwana Kapteni, umechomwa," alisema. "Lori lile lingetuingia. Na zaidi ya hapo, sipendi kudanganywa." Akaipiga ile karatasi ya daktari kwa ukucha. "Hapa imeandikwa mguu wa kushoto haufanyi kazi kabisa. Mimi nina macho. Ile breki umeikanyaga kwa mguu gani?"

Kapteni alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa lugha ya kigeni.

"Kwa mguu wa kushoto umeikanyaga," aliendelea mtahini. "Umeuinua ukaupiga chini kama unaua nyoka. Ndiyo maana tumesimama vile. Huo ndio mguu mliosema umekufa?"

Kapteni alishusha macho. Mguu ule ulikuwa umelala ubavuni mwa pedeli ya breki, kiatu kimekaa upande, mahali ambapo yeye hakuuweka. Hakuthubutu kuusogeza, wala kuugusa.

"Nilitafuta klachi," alisema polepole. "Basi liliingia, nikatafuta klachi."

Mkunga alikuwa ameshatoka. Alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti kwenye changarawe na gauni lake la kutokea, akakivua kiatu kile, akaivua soksi. Alikishika kisigino kwa mkono mmoja, akaweka kiganja cha pili chini ya vidole.

"Nikanyage," alisema.

"Mama watoto, nimechomwa."

"Nimesikia. Nikanyage."

Kapteni alifumba macho. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kitambo hakikutokea kitu, na mtahini akakohoa kwa kutojua la kufanya na mikono yake. Kisha Mkunga akausikia kiganjani, dhaifu, dhaifu sana, ule msukumo mdogo alioungoja kwa watu wengine maisha yake yote. Ukaja. Ukakata. Ukaja tena.

"Mama," alisema mtahini kwa sauti iliyopungua ukali, "matokeo lazima niyaandike."

"Yaandike, mwanangu," alisema Mkunga. Alikuwa analia wazi, kamasi na yote, na mguu wa mume wake ameukumbatia kifuani. "Andika kwamba amechomwa. Uandike na mguu wenyewe ni upi, kwa herufi kubwa, daktari asome."